Njia ya Kuume Kule Kabasha

Kabla magari ya Maliro hayajafika, mlima wa Kabasha ulikuwa unakula muda wa watu kama ng'ombe anavyokula majani, polepole na bila haya. Ukitoka Beni asubuhi umepakia mbao au kakao, ulijua Butembo utafika, lakini saa ya kufika ulimwachia Mungu. Barabara ilikuwa imeshapanuliwa, njia mbili za kupanda na moja ya kushuka. Watu walishangilia siku lami ilipokauka, na wiki ile ile wakaanza kulia tena. Lori lililokuwa likitambaa njia ya kuume liliona aibu kutambaa nyuma ya mwenzake, likatoka kushoto ili limpite, na kwa kuwa yote mawili yalikuwa yamebeba kupita kiasi, yalipanda bega kwa bega kwa mwendo wa mzee anayekwenda misa. Nyuma yao magari mia yalinguruma. Motards wa pikipiki walijipenyeza kila upenyo. Harufu ya embrayage, yaani klachi, iliyoungua ilifika mpaka mashambani.

Syauswa aliujua mlima ule kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani. Alikuwa ameuendesha miaka ishirini na sita. Fuso yake, yenye usukani wa kuume kama magari mengi yanayoingilia mpaka wa Kasindi, ilishusha viazi vya Kipese hadi soko la Beni na kupandisha mbao hadi Butembo. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kupindua gari wala kugonga hata mbuzi. Ndiyo maana Gracieuse alimtafuta.

Gracieuse alikuwa binti wa Butembo aliyesomea uinjinia mbali na kurudi nyumbani. Mfanyabiashara Maliro, ambaye mji mzima ulimjua kwa mabati na vitenge, alikuwa ameagiza mabasi madogo tisa yanayojiendesha yenyewe, na Gracieuse ndiye aliyeyasimamia katika uwanja wao kule Rughenda, karibu na kiwanja cha ndege.

"Papa Syauswa," alimwambia, "tunataka gari zetu zijifunze kwako."

"Gari inajifunzaka?"

"Inajifunza. Inaangalia namna unashika usukani, fasi unapunguza mwendo, fasi unaogopa. Na moja ikijua kitu, zote tisa zinajua. Zinaongeaka zenyewe kwa zenyewe, hata kama moja iko Beni na ingine iko hapa."

"Kwa luga gani?"

Gracieuse alicheka. "Kwa luga yako, Papa. Kama wewe njo mwalimu."

Syauswa alikubali. Wakamfungia visanduku vinne vyenye macho nje ya Fuso, na kimoja kidogo juu ya retro, kioo cha kuonea nyuma, kikimtazama usoni. Wiki ya kwanza aliendesha amekaza shingo kama anayepigwa picha ya passeport. Wiki ya pili akavisahau. Aliendesha hivyo miezi minne, akishuka na kupanda, mvua na vumbi, na visanduku vikaangalia kila kitu.

Magari tisa si mengi katika barabara yenye magari mia tano. Lakini yalipoanza kazi, watu hawakuamini. Yalipofika chini ya Kabasha yaligawana njia bila kugombana, mengine kuume nyuma ya malori mazito, mengine kushoto, na kila moja liliacha nafasi mbele yake, wala halikukimbilia kuijaza. Lililotangulia likiona lori limeshindwa kwenye kona, lile lililokuwa kilomita mbili chini lilishapunguza mwendo, na wote waliolifuata walipunguza bila kujua sababu. Kwa hiyo walipofika kwenye kona, lori lilikuwa limeshaondoka. Hakuna aliyesimama. Saa moja na nusu ya mlima ikawa dakika ishirini na tano.

Mwanzoni madereva waliyatukana. Kisha wakaanza kuyafuata. "Fuata ya Maliro, utafika," waliambiana. Baada ya mwezi mmoja hata malori ya mbao yaliacha nafasi mbele yao, hata motards walipanga mstari. Na ndipo watu walipogundua jambo lingine, kwamba hakuna tena aliyepiga honi. Mlima wote ulipanda kimya. Dereva mmoja alisema alifika Maboya, kule juu, asikumbuke kona hata moja aliyoipita, kana kwamba mikono iliyoshika usukani ilikuwa ya kuazima. Wenzake walimcheka, lakini kicheko chao hakikudumu, maana kila mmoja alikuwa na lake la kufanana na hilo.

Godelive, mke wa Syauswa, ndiye aliyeleta habari nyumbani. Alikuwa ameshuka Beni, katika commune ya Ruwenzori, kumwona binti yao Jemima aliyejifungua, na wakati wa kurudi alipanda moja ya yale tisa. Alipofika alivua viatu, akaketi, akamtazama mumewe.

"Ile gari," alisema, "inaendesha sawa wewe."

"Njo mimi niliifundisha."

"Hapana, sikiliza. Pale Kabasha, kiisha kona ya mawe meupe, kwenye ile muti iliyokatwa. Ilitoka kuume, ikaenda kushoto, ikapunguza mwendo kabisa, kisha ikarudia kuume. Vile unafanyaka. Nilifunga macho, nikasema niko na bwana yangu." Akakunja miguu. "Na zingine zote zilifanya vile vile. Camion, pikipiki, zote. Kuko nini pale, Papa Jemima?"

"Hakuna kitu," Syauswa alisema. Akatoka nje kwenda kuangalia matairi ambayo hayakuwa na shida.

Keshoye hakupakia viazi. Alipanda pikipiki hadi Kabasha, akamwambia motard amteremshe kwenye kona ya mawe meupe, akasimama upande wa pili wa barabara. Ilikuwa saa mbili ya asubuhi na ukungu ulikuwa bado umelala kwenye bonde. Magari yalitoka ndani yake moja moja, taa zikiwa zimewashwa.

Gari la kwanza la Maliro lilikuja kwa njia ya kuume. Lilipofika hatua ishirini kabla ya kisiki, lilihamia kushoto, likapunguza mwendo mpaka abiria wake wangeweza kuhesabu nyasi, likaenda hivyo hatua arobaini, likaongeza mwendo na kurudi kuume. Nyuma yake lori la mbao lilifanya vile vile. Nyuma ya lori, pikipiki tatu. Nyuma ya pikipiki, jeep ya mapadri. Barabara ilikuwa imejaa mpaka chini, magari yamefuatana kama siafu, na katikati ya msongamano ule palikuwa na kipande cha lami kitupu, hatua arobaini kwa urefu, ambacho hakuna gurudumu lililokigusa. Majani makavu yalikuwa yamelala juu yake kama uani kwa mtu aliyehama. Na hakuna dereva aliyegeuza kichwa kukitazama. Walipita macho mbele, kimya, kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye kilio.

Syauswa alisimama pale mpaka ukungu ulipopanda.

Maneno yalikuwa yameshaanza. Wengine walisema pana bomu la zamani chini ya lami, na mashine zinalinusa. Wengine walisema ni mizimu. Wapo waliosema barabara ilijengwa juu ya kaburi. Mama mmoja alianza kuweka maua pembeni bila kujua anamwekea nani.

Wiki ile Gracieuse alimwita Rughenda. Alikuwa na chumba kidogo chenye ukuta wa vioo vya komputa, na kwenye kioo kimoja mlima wa Kabasha ulionekana kama uzi, magari yakitembea juu yake kama shanga.

"Papa, pale kwenye kisiki, juu ya nini unaendaka kushoto?"

"Kulikuwa shimo."

"Hapana shimo. Niliangalia picha zako zote. Ile miezi ine ulipanda mara sitini na mbili. Mara sitini na mbili ulienda kushoto. Barabara nzuri, hakuna mutu, hakuna gari, unaenda kushoto na unapunguza mpaka kilomita saba kwa saa." Akamgeukia. "Kilomita saba si mwendo wa gari, Papa. Camion yako ina nguvu ya kupita pale na mara tatu ya ile. Ni mwendo wa mutu anakimbia."

Syauswa aliangalia sakafu.

"Gari zinaandikaka sababu ya kila kitu zinafanya," Gracieuse aliendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Zikikwepa mbuzi, zinaandika mbuzi. Pale zinaandika mutu. Kila siku, zote tisa. Ninajua ni juu ya nini, hazina neno lingine ya karibu, zinachagua ile inafanana. Lakini usiku, ni ile neno ninaiona nikifunga macho."

"Futa," Syauswa alisema. "Kama ni kosa, futa."

"Nilishafuta."

"Na kisha?"

"Siku tatu zilipita kuume, muzuri. Siku ya ine zikaanza tena. Si kwako sasa, Papa. Zilijifunza kwa bale bengine. Bashofere bote banaenda kushoto, na gari inasema, kama bote banaogopa pale, kuko sababu. Na bashofere banaangalia gari na banasema vile vile." Alikigusa kioo kwa kidole, mahali ambapo shanga zote zilipinda. "Sasa hakuna mutu wa kufuta. Sema tu mbele yangu, si mbele ya Maliro. Kulikuwa nani pale?"

Syauswa alivaa kofia yake, akasema asante, akatoka.

Alikwenda nyumbani kwa miguu, safari ambayo si fupi. Godelive alikuwa uani anachambua maharage, jua likiwa bado juu ya paa. Syauswa akachukua kiti kidogo, akaketi mbele yake, akaanza kuchambua naye. Walifika katikati ya ungo ndipo aliposema.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita. Barabara ilikuwa bado ya udongo, nyembamba. Alitoka Beni mchana na mbao nyingi kupita kiasi, na wenzake wa msafara walimwacha, akawa wa mwisho. Alipoanza kupanda Kabasha alisikia risasi chini, upande wa mashamba, kisha nyingine karibu zaidi. Ni waasi, watu wa porini. Akakanyaga, lakini mzigo ulikuwa mzigo. Fuso ilipanda kwa mwendo wa miguu. Na pale kwenye mti, ambao wakati ule ulikuwa bado umesimama, mwanamke alitoka majanini akikimbia. Alifika ubavuni mwa gari, upande wa kuume, upande wa dirisha lake. Akashika mkono wa mlango. Akakimbia naye hivyo, wametazamana, karibu kama ulivyo karibu uso wa mtu mnayekula naye.

"Alisema, 'Papa, nifungulie.' Hakupiga kelele. Alisema tu, sawa mutu anabisha hodi. Mara mbili." Syauswa alikuwa ameshika maharage na hakuyaachia. "Mulango ilikuwa imefungwa kwa kifungo ya ndani. Mukono yangu ilikuwa pale, Godelive. Nikawaza, nikifungua, gari itasimama, na ikisimama kwa mulima haitatoka tena. Nikapiga usukani kushoto. Mukono yake ikatoka. Nikaongeza. Sikuangalia retro."

Kuku walikuja wakadonoa karibu na ungo, Godelive hakuwafukuza.

"Ulimujua?"

"Hapana ile siku. Kiisha siku tano radio ilisoma majina ya bale balipotea. Mama alikuwa mumoja tu, wa Maboya. Virginie. Alikuwa ameenda kuchuma majani ya sombe."

"Miaka tisa," Godelive alisema. "Na mimi ninalala hapa pembeni yako. Juu ya nini hukusema?"

"Ningesema, ungekuwa unaniangalia sawa vile unaniangalia sasa."

Godelive aliinuka, akaingiza ungo ndani, akarudi na shati la misa la mumewe, safi, lililopigwa pasi. Akalitundika kwenye kamba mbele ya macho yake. "Kesho utaenda Maboya," alisema. "Na utaenda bila mimi."

Dada mkubwa wa Virginie aliitwa Agar. Aliuza avoka na vitunguu kando ya barabara pale Maboya, na Syauswa alikuwa amepita mbele ya meza yake mara elfu bila kusimama. Siku hiyo alishuka kwenye pikipiki akamsogelea kofia mkononi.

"Wabukire, mama."

"Wabukire. Unataka avoka ya kula leo ao ya kesho?"

"Sitaki kitu. Ninakuya kukuambia habari ya Virginie."

Agar aliweka kisu chini. Alimwita mtoto wa jirani ashike meza, akamwongoza Syauswa nyuma ya nyumba, ambako mama yao Kavuo, ambaye wote walimwita koko, yaani bibi, alikuwa ameketi juu ya mkeka juani. Mzee yule macho yake yalikuwa yamepungua, lakini masikio hapana. Syauswa hakuomba kiti. Alipiga magoti, akasema yote, hata lile la kifungo cha mlango.

Alipomaliza, Agar aliuliza. "Alikuwa na viatu?"

"Hapana. Miguu mitupu."

"Alikuwa anatoka damu?"

"Hapana. Alikuwa muzima. Alikuwa muzima kabisa."

Hapo ndipo Agar alipolia, na kilio chake kilimpiga Syauswa kuliko kofi. Majirani walikuja mbio. Binamu mmoja alimshika shati, shati lile la misa, akalipasua begani, na Syauswa hakuinua mkono. Aliyewatuliza ni koko Kavuo.

"Mumuache," alisema. "Huyu njo wa mwisho alimuona mutoto wangu. Kama munamuua, nitamuuliza nani?" Akamgeukia Syauswa, akimtafuta kwa sauti yake. "Sisi hatujakaa kilio cha Virginie. Nilikataa. Mutu hana kaburi, unamulilia wapi? Utatuonyesha ile fasi."

Ilichukua siku mbili kupata ruhusa ya askari waliokuwa na kambi pale juu. Siku ya tatu asubuhi waliteremka kwenye bonde chini ya kisiki, binamu wanne na mapanga, katekista, Agar, na Syauswa. Juu yao magari yalipita kimya, moja baada ya jingine, na kila lilipofika pale sauti ya injini ilishuka, ikatembea juu ya vichwa vyao kama mtu anayenyata, kisha ikapanda. Agar alisimama akasikiliza.

"Zinafanya nini?"

"Zinamuachia nafasi," Syauswa alisema.

Siku ile hawakupata kitu. Kesho yake, saa tano, binamu mmoja aliita kutoka chini kabisa, kwenye mwamba uliofunikwa na matete. Mtu alikuwa ameingia chini ya mwamba kama anayejificha mvua. Mifupa ilikuwa imekaa, si kulala. Agar alimtambua kwa jino la mbele lililovunjika, alilolivunja utotoni akicheza. Hivyo Virginie hakuuawa barabarani. Alikuwa ameteremka huku na jeraha au na woga, akangoja watu wa porini wapite, akangoja na mtu mwingine aje kumsaidia. Hakuna aliyejua alingoja muda gani, na katekista aliwakataza watu wasihesabu.

Koko Kavuo alipopelekewa habari alisema jambo moja tu. "Gari ile ilimuacha, gari ile imulete."

Kwa hiyo siku ya tano Syauswa alishuka na Fuso tupu hadi chini ya Kabasha, akaigeuza, akaanza kupanda kabla ya saa nne asubuhi. Alikamata njia ya kuume. Alipoipita kona ya mawe meupe, mikono yake ilivuta usukani kushoto yenyewe, kama mikono inavyojikinga na moto, na ilibidi aizuie kwa nguvu mpaka mishipa ikasimama. Lami ile ya majani makavu ilisikika chini ya matairi. Akasimamisha Fuso penye kisiki. Akafungua mlango wake, ule wa kuume, akauacha wazi.

Walipandisha sanduku dogo la mbao walilokuwa wamelitengeneza usiku. Agar alisema atatembea. Wenzake wote wakasema watatembea. Syauswa akaingia, akatia gia ya kwanza, na Fuso ikaanza kupanda kwa mwendo wa miguu, Agar akitembea ubavuni mwake, mkono wake juu ya mlango uliokuwa bado wazi.

Ndipo alipoangalia retro.

Nyuma yake lilikuwa limesimama gari moja la Maliro, na sasa lilikuwa likimfuata, si kushoto, bali kuume, katika njia yake yeye. Nyuma yake lori. Nyuma ya lori magari mengine na pikipiki nyingi, mpaka kona, na bila shaka mpaka chini. Njia ya kushoto ilikuwa tupu kabisa. Yeyote angeweza kumpita. Hakuna aliyempita, wala aliyepiga honi. Hata magari yaliyokuwa yakishuka kwenda Beni yalipunguza mwendo yalipokutana naye, na moja la yale tisa, likiwa na abiria wanaouliza kuna nini, lilishuka pembeni mwao kwa kilomita saba kwa saa mpaka lilipotoweka kwenye kona. Kwa kilomita tano mlima wote ulitembea kwa miguu ya Agar.

Gracieuse alimsimulia baadaye alichokiona siku hiyo kule Rughenda. Saa nne na dakika kumi na mbili magari yote yaliyokuwa barabarani yalishusha mwendo kwa wakati mmoja. Lililokuwa karibu na soko la Beni lilishusha. Lililokuwa Butembo, kwenye mteremko wa kanisa, lilishusha. Na moja, lililokuwa limeegeshwa uwanjani bila mtu, liliwasha taa zake, likaziacha zinawaka mpaka Fuso ilipoingia Maboya. "Hiyo sina maelezo yake, Papa," alisema. "Ile ingine yote ninaweza kueleza. Hiyo hapana. Na Maliro sikumuambia." Kwenye kitabu cha sababu, yote tisa yalikuwa yameandika neno lile lile.

Virginie alizikwa siku hiyo hiyo. Kilio kilikaa siku tisa, moja kwa kila mwaka, kama mama yake alivyotaka. Syauswa aliruhusiwa kukaa nje ya ua, akakata kuni, akachota maji. Hakuna aliyemsamehe kwa maneno, na yeye hakuomba. Siku ya mwisho koko Kavuo alimwita karibu.

"Sasa enda. Hapana kurudi hapa mpaka nitakuita."

"Wasingya, koko."

"Hapana kunishukuru."

Magari yalianza kupita kuume tena, kwanza moja moja, kisha yote. Gracieuse aliapa kwamba hakugusa kitu. Madereva wengine waliendelea kwenda kushoto kwa majuma kadhaa, wakilaumiana, kisha wakaacha. Mlima ukabaki mwepesi, na siku moja Syauswa alisikia honi mbili zikigombana pale kwenye kona, akajikuta anacheka peke yake ndani ya gari. Nyumbani Godelive aliongea naye juu ya chumvi, juu ya mtoto wa Jemima, juu ya mabati yanayovuja. Ilichukua muda mrefu kabla hajaongea naye juu ya kitu kingine.

Miezi mitatu ikapita. Maharage yalikauka mashambani. Asubuhi moja Syauswa alikuwa akipanda kutoka Beni, na pale Maboya alimwona Agar amesimama kando ya barabara, ameinua mkono. Pembeni yake palikuwa na magunia sita, na juu ya gunia moja alikuwa ameketi koko Kavuo, amevaa kitenge kizuri na viatu vya kufunga.

Syauswa alisimama. Akashuka, akapakia magunia yote sita mwenyewe, kisha akazunguka na kumshika mzee mkono apande mbele.

"Ninaenda soko ya Butembo," koko Kavuo alisema alipokwisha kukaa. "Agar anasema niko muzee sana kwa kusafiri. Sasa nimekuita. Endesha."

Aliendesha. Kwa muda mzee alikaa tu, akisikiliza injini. Kisha akaanza kusimulia, bila kuulizwa, jinsi Virginie alivyokuwa mtoto mkaidi, jinsi alivyokataa kunyonya, jinsi alivyowahi kumpiga jogoo wa katekista kwa jiwe na kumwua, akamzika kwa siri na kumwimbia wimbo wa misa. Syauswa alisikiliza, macho barabarani. Walipofika Rwahwa, njiani kwenda Butembo, mzee alikuwa bado hajamaliza habari ya yule jogoo.